Mauzo ya Siku za Mbalamwezi

Ofisi ya Clotilda ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, karibu na soko la Rumonge, mji ulio kando ya ziwa. Kibao cha mlangoni kilisema kwamba humo hutengenezwa matamko ya kodi, hupigwa fotokopi na huandikwa barua za aina zote. Hizo barua za aina zote ndizo zilizomlisha mwanzoni, aliporudi kutoka Tanzania na mumewe Leonsi, magodoro mawili, na cheti cha shule ya kambi ya wakimbizi ambacho hakuna ofisi iliyojua ikiweke kundi gani. Kodi ilikuja baadaye, taratibu, mteja mmoja akimleta mwenzake, mpaka ikafika mahali wauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wakamuaji wa mawese wa Kizuka na wenye maduka ya vitenge hawapeleki karatasi yoyote serikalini kabla Clotilda hajaitupia jicho.

Walimtania, lakini. Kiswahili chake cha kukulia Kasulu kilikuwa kimenyooka mno kwa masikio ya Rumonge, na akina mama wa sokoni walimwita Mama Redio. Akiuliza, "Je, risiti za mwezi wa tano ziko wapi?" wao huangua kicheko kwanza, ndipo waanze kuzitafuta hizo risiti, ambazo kwa kawaida zilikuwa chini ya beseni, zimelowa maji ya samaki. Clotilda hakukasirika. Alizianika dirishani, akazibandua moja moja, na kuziingiza kwenye jedwali la Excel alilolitengeneza kwa mikono yake.

Jedwali hilo lilikuwa na vituko vyake. Watu wa mawese walikuwa na rangi ya kijani, watu wa ndagala bluu, na palikuwa na kisanduku kimoja cha njano ambacho mtu akikigusa tu, hesabu za mwaka mzima zinavurugika. Leonsi, ambaye ni mwalimu na hajui kunyamaza, alikigusa siku moja akitafuta namna ya kuandika ratiba ya mitihani. Hawakusemezana mpaka Jumapili.

Mambo yaliharibika pale ofisi ya kodi ilipotaka matamko yote yapelekwe kwa mtandao, kwa mpangilio wake yenyewe. Jedwali la Clotilda halikuujua mpangilio huo, kwa hiyo kila tamko likabidi liandikwe mara mbili, na umeme nao ukawa unakatika katikati ya mara ya pili. Halafu, tusifiche, kulikuwa na bwana mmoja upande wa barabara ya hospitali aliyefungua ofisi yenye mlango wa kioo na programu mpya, na wateja wawili wa vitenge walikuwa wamehamia kwake bila hata kuaga. Hilo lilimkaa Clotilda rohoni kuliko umeme.

Basi Clever alipofika kutoka Bujumbura, kijana mtanashati mwenye kompyuta mgongoni na viatu vyenye ncha, alikuta mlango uko wazi.

"Amahoro, mama," alisema. "Hii inaitwa Kompta-Mwanga. Unaingiza fakture, zile risiti, mara moja tu, deklarasiyo ya kodi inatoka na inajituma yenyewe. Na kama iko kitu kinakosa, yenyewe inaona."

"Inaona vipi?"

"Iko na akili, mama. Waliitengeneza kwa ajili ya mabutiki makubwa ya Bujumbura. Butiki inafungua kila siku, si ndiyo? Sasa ikiona siku moja iko tupu, inajua ulisahau kuandika."

Clever hakuwa tapeli, na ni vizuri hilo lijulikane mapema, maana mengi yalisemwa juu yake baadaye. Aliuza kitu alichokiamini. Alikaa kutwa nzima akiwahamisha wateja wote kutoka kwenye jedwali la zamani, akakataa chakula cha mchana, kisha akala sahani mbili. Kabla hajaondoka, programu ikauliza swali kwa Kifaransa: siku zilizokosekana, izijaze kwa wastani wa siku nyingine? Kwa wateja wote?

Clotilda alifikiria risiti zilizolowa. Alifikiria zilizoliwa na mbuzi, zilizofungiwa karanga, zilizosahaulika kwenye mfuko wa suruali ya mume aliyekwenda Kigoma. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kutafuta risiti zisizoonekana, na hapa kimekuja kitu kinachosema, usihangaike tena. Akabonyeza ndiyo.

Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa angesita. Ndagala huvuliwa gizani. Katamarani, ile mitumbwi iliyofungwa pamoja, hutoka jioni na taa zake, taa huwaita samaki, wavu hupandishwa. Mbalamwezi ikikamilika taa haimwiti yeyote, samaki hutawanyika, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kulala usingizi wa haki. Kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac hiyo ndiyo likizo ya pwani yote. Posa hupelekwa siku hizo, harusi hufungwa siku hizo, na wauza ndagala nao huinamisha mabeseni yao na kwenda kusuka nywele. Clotilda aliyajua hayo vizuri tu, kwa jinsi mgeni wa miaka mingi anavyojua mambo ya wenyeji. Lakini Kasulu hakuna ziwa, na mbele ya kompyuta alikuwa mtu wa risiti peke yake.

Matamko yalitoka mwaka huo kwa kasi iliyomfanya acheke mwenyewe. Zamani alikuwa akimwita kila mteja, akamketisha, akamsomea hesabu yake ya mwisho kwa sauti kabla ya kutia saini. Mwaka huu alitia saini rundo zima asubuhi moja, programu ikatuma, na mchana akaenda kwa fundi kuagiza mlango wa kioo.

Fundi alichukua wiki kadhaa, na hata hajamaliza kupiga lipu kando ya mlango, Anastasie aliingia bila kubisha.

Anastasie alikuwa Mkongomani wa Baraka, mjane, mwenye vichanja vya kukaushia ndagala pale ufukweni na depo ndogo ya mabati ambamo mzigo wake hungojea malori ya kwenda Gitega. Yeye na Clotilda waliimba pamoja kwaya ya kanisa, sauti ya pili, na walikuwa marafiki kwa ile sababu ya wazi: wote wawili walifika Rumonge wakiwa hawana ndugu hapo. Asubuhi hiyo hakusalimia. Aliweka karatasi mezani.

"Soma hii. Kifaransa chao kinaniumiza kichwa. Kama nasikia muzuri, banasema watafunga depo yangu. Hii njo nini?"

Clotilda akasoma. Ofisi ya kodi ilisema kwamba kwa faida aliyoitangaza Anastasie, alichokwisha kulipa hakifiki hata nusu. Alipe kilichobaki, au alete maelezo, kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo depo itatiwa lakiri pamoja na vilivyomo, na vilivyomo vilikuwa mali yote ya Anastasie hapa duniani.

"Hesabu hii imetoka kwangu," Clotilda alisema polepole. "Saini ni yangu. Lakini mauzo ni mengi mno." Kisha akauliza swali ambalo angelipa chochote kulirudisha mdomoni. "Anastasie, hakuna mauzo uliyonificha, halafu risiti zake zikaingia humu bila wewe kujua?"

Anastasie alikunja mikono kifuani.

"Unaniona miye mwizi," alisema. Hakuliuliza, alilisema.

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema. Umesema na Kiswahili ya redio, lakini umesema."

Clotilda aliona aibu, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, aligeukia kompyuta na kuanza kufungua mauzo ya Anastasie siku kwa siku. Alishuka na mstari. Kila siku ilikuwa na kitu. Anastasie alisimama nyuma yake, mikono kifuani, bado amenuna. Halafu kidole cha Clotilda kikasimama kwenye Jumamosi moja ya mwezi wa nane.

"Hii Jumamosi si ndiyo ya harusi ya Chanceline, binti wa Papa Cirhuza?"

"Njo yenyewe."

"Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa masufuria toka asubuhi! Na wewe ulikuwa kando yangu unakata vitunguu, unalia. Soko lote lilikuwa kule. Nani angeuza?"

"Programu inasema uliuza."

"Niliuza kwa nani? Kwa bibi harusi?"

Clotilda hakucheka. Alitazama siku ya kabla ya harusi, na ya kabla ya hiyo, akakuta mauzo yaleyale, kilo zilezile, hadi senti ya mwisho. Akarudi mwezi wa saba. Akaenda wa tisa. Kila mahali ambapo mbalamwezi iliwapandisha wavuvi nchi kavu, Kompta-Mwanga ilikuwa imemfungulia Anastasie biashara, ikamuuzia samaki ambao hawakuwahi kutoka majini. Na samaki hao, kwa kuwa hakuna aliyewanunua kwa mvuvi, hawakuwa na gharama. Walikuwa faida tupu.

Alimweleza Anastasie yote, pamoja na lile swali la Kifaransa na jinsi alivyobonyeza. Hakujitetea. Anastasie alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti ambacho alikuwa hajakikalia, akakaa.

"Sasa hivi," alisema, "mwambie huyo mwenye akili arudishe samaki wake."

Siku iliyofuata Clotilda alikwenda ofisi ya kodi. Inspekta aliyempokea alikuwa mama mtaratibu kutoka Ngozi, ambaye ndagala kwake walikuwa kitu kinachofika sahani kikiwa kimekauka. Alimsikiliza Clotilda akieleza habari za taa na mbalamwezi, akaandika, akauliza tena, akaandika tena.

"Ninakuelewa," alisema mwishowe. "Lakini programu haiwezi kumkosea mtu mmoja. Kama imekosea, imewakosea wote wa kazi hiyo. Ukiniletea huyu rafiki yako peke yake, wakubwa wangu watasema unambeba. Niletee barua yenye majina ya wote, matamko yao mapya, na saini yako kwamba hakuna aliyeachwa. Hapo nitaisimamia mwenyewe."

Lilikuwa neno la haki, na Clotilda alishukuru, murakoze, murakoze cane, akatoka.

Alianza kuwazungukia watu wa ndagala. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, maana aliona kosa kama hilo halitangazwi kwa simu. Wengine walimshukuru. Wengine walimwambia maneno ambayo hawezi kuyarudia kwenye kwaya. Aziza, mwenye mabeseni mawili tu, alimkumbatia na kisha kumwambia kwamba mwakani atakwenda kwa yule bwana wa barabara ya hospitali, asikasirike. Clotilda alisema hakasiriki. Alikasirika, lakini njiani.

Cirhuza alimweka mwisho kwa sababu alidhani ndiye atakayekuwa mwepesi kuliko wote. Alikuwa Mkongomani, Mshi wa Bukavu, mtu mzima mwenye katamarani moja na mdomo wa mzaha, na samaki wake takriban wote walikwenda kwenye vichanja vya Anastasie. Clotilda alimkuta ufukweni, ameinamia mota mpya iliyofungwa nyuma ya mtumbwi. Si mpya ya dukani, lakini mpya kwake, na ameipangusa mpaka inaweza kutumika kujitazamia.

"Mama Clotilda! Karibu uone mutoto wangu wa uzeeni."

Clotilda alimweleza. Cirhuza aliendelea kupangusa, kisha kitambaa kikasimama.

"Subiri kwanza, mama. Ile deklarasiyo yako, miye niliipeleka koperative, kule banakopesha. Miaka yote naomba kredi, banasema, Papa, unapata kidogo. Hii mwaka bamesoma karatasi yako, gérante, ule mukubwa wa pale, amenikalisha kwa kiti. Amesema, Papa Cirhuza, kumbe uko mutu. Bakanipa pesa ya mota."

Clotilda hilo hakuliwaza hata kidogo.

"Kodi wameongeza, najua. Nimekubali kulipa polepole. Lakini ukiandika barua kama sikuvua zile siku, koperative watasema nimebadanganya. Watakuja kuichukua." Alijigusa bega la kulia. "Hili bega limekwisha, mama. Kupiga kasia siwezi tena. Bila mota, miye na wale vijana wangu tunakaa tu hapa karibu, na hapa karibu hakuna samaki."

"Papa, sikujua."

"Hata miye sikujua hesabu iko ya uongo. Nilifurahi tu. Nilisema, kumbe nilikuwa nafanya kazi vizuri kuliko nilivyofikiri." Akamtazama. "Nitoe kwa liste. Jina moja tu. Nani atajua?"

Nani angejua? Hilo ndilo swali lililomfuata Clotilda barabara nzima. Inspekta asingejua. Mtu wa Ngozi hahesabu katamarani za Rumonge. Lakini barua ilitaka saini kwamba hakuna aliyeachwa, na siku ikigundulika ameachwa mmoja, barua yote inaanguka, na ya kwanza kuanguka nayo ni depo ya Anastasie. Mezani, mchana, alimwambia Leonsi. Leonsi alitafuna, akafikiri, akasema mtoe tu Cirhuza, mzee wa watu ana taabu. Clotilda akamwuliza, na Anastasie? Leonsi akasema hata huyo ana taabu. Kisha akaomba aongezewe mboga. Tangu waoane hajawahi kumsaidia kuamua kitu, na siku hiyo Clotilda alimwonea wivu kwa hilo.

Aliandika barua alasiri. Aliandika majina yote. Kufika kwa Cirhuza aliinuka, akaenda kunywa maji, akarudi, akaliandika. Halafu hakuipeleka kwanza. Alishuka tena ufukweni, kwa sababu aliona si haki mtu asikie habari kama hiyo kutoka koperative.

"Nimekuandika, Papa," alisema. "Nisamehe. Nitakwenda nawe koperative, nitawaambia kosa ni langu."

Cirhuza alikuwa akishona wavu. Hakutukana, na Clotilda angependa atukane. Aligeuza tu mgongo, akaendelea kushona, na wale vijana wake wakatazama majini. Clotilda alisimama pale kidogo akiwa amevaa viatu vyake vya ofisini, kisha akapanda barabarani. Alilia kidogo nyuma ya mizani ya samaki, akajipangusa, akapeleka barua.

Wakati huohuo alimpigia simu Clever, naye Clever, kwa sifa yake, alikuja mwenyewe. Alipoonyeshwa ile Jumamosi ya harusi alijishika kichwa.

"Lakini mama, nani anafunga butiki siku nyingi vile?"

"Ziwa linafunga, mwanangu."

Alizima kile kitu cha kujaza siku, akaomba radhi, akasema yuko tayari hata kurudisha pesa. Clotilda alifikiri sana juu ya hilo. Mwishowe akawaacha watu wa vitenge na saruji ndani ya Kompta-Mwanga, maana kwao ilifanya kazi safi na hakuna sababu ya kuisingizia. Watu wa ndagala aliwarudisha kwenye jedwali la zamani, kwenye rangi yao ya bluu, na akakubali kuandika mara mbili. Mlango wa kioo ukabaki. Ulikuwa umeshalipiwa.

Inspekta alitimiza ahadi yake. Kabla ya mwisho wa mwezi, Anastasie alipata karatasi nyingine, safari hii yenye muhuri wa kwamba hadaiwi kitu na ofisi ya kodi. Aliileta ofisini akiishika kwa ncha za vidole, isije ikanuka samaki, pamoja na furushi la ndagala wakavu.

"Hawa ni wa mwisho," alisema akiliweka mezani. "Papa Cirhuza hajaniletea samaki toka siku zile. Anauzia watu wengine. Kwa nini? Miye nilimufanya nini?"

Clotilda hakuwa amemwambia. Alikuwa amekusudia kumwambia kila siku, na kila siku alitafuta kazi nyingine. Sasa akamwambia: mota, kredi, liste, mgongo aliogeuziwa. Uso wa Anastasie ulibadilika kadiri alivyosikia.

"Kwa hiyo depo yangu njo ilikula mota yake."

"Si depo yako. Ni mimi."

"Na leo yuko wapi?"

"Koperative wamepata habari za hesabu mpya, wamemwita leo saa nne. Nilimwahidi kwenda. Hata kama hanitaki."

Anastasie alikunja karatasi yake, akaitia kifuani, akaondoka bila kuaga. Clotilda alidhani amekasirika, na hakumlaumu.

Koperative ilikuwa imejaa. Siku hiyo petroli iliyokuwa adimu ilikuwa imefika kituoni, na nusu ya watu kwenye foleni walikuwa wamekuja kutoa pesa za kwenda kupanga foleni nyingine. Mbele kabisa, mbele ya meza ya Benita, gérante, mota ilikuwa imelala sakafuni juu ya gunia. Cirhuza alikuwa ameileta kwa baiskeli, amesimama kando yake na kofia mkononi. Hakungoja wamfuate. Alipomwona Clotilda aligeuza uso.

Clotilda alijisukuma mpaka mezani. Aliweka tamko jipya la Cirhuza mbele ya Benita, akaeleza kila kitu tangu mwanzo, na sauti yake ya redio, kwa mara ya kwanza maishani, ilitetemeka. Benita alisoma. Alikuwa mzaliwa wa Rumonge, mbalamwezi hakuhitaji kuelezwa.

"Mama, ninakuamini," alisema. "Na Papa hakutudanganya, naona. Lakini kwa mapato haya, ya kweli, sheria yetu hainiruhusu kumwachia kredi hii. Labda apate mdhamini. Mtu mwenye mali inayoonekana na asiyedaiwa kodi."

"Niandike mimi," Clotilda alisema. Alikuwa amejiandaa. "Nina kompyuta, nina mashine ya fotokopi. Kosa ni langu."

"Na mlango wa kioo," alisema mtu kwenye foleni, watu wakacheka.

Benita alikuwa ameshachukua kalamu. Hapo ndipo mkono ukapita juu ya bega la Clotilda na kuweka mezani karatasi yenye muhuri, imekunjwa, ina joto la kifua.

"Ondoa huyo," Anastasie alisema. Alikuwa anahema, alikuwa amepitia kwanza nyumbani kuchukua hati ya depo, maana alijua koperative haiachi mkopo bila dhamana. "Andika miye."

"Dada, hapana," Clotilda alisema. "Ni mimi niliyebonyeza."

"Ulibonyeza, ndiyo. Halafu ulikuja ukasema umebonyeza. Ulitembea kwa miguu unasema. Batu bamekutukana, bamekuhama. Unataka kulipa mara ngapi, weye?" Akamgeukia Benita. "Huyu muvuvi ni wangu. Bila yeye hii depo iko ya kuweka nini? Hewa? Andika."

Benita akamtazama Clotilda, akamtazama Anastasie, akaandika jina la Anastasie. Alisoma masharti kwa sauti, na kwa kila sharti Anastasie alijibu ndiyo kabla halijaisha, kama mtu anayeapishwa kwa haraka. Akatia saini yake kubwa ya darasa la tano.

Cirhuza alikuwa bado amesimama na kofia yake.

"Mama Anastasie," alisema. "Miye niliacha kukuletea samaki."

"Najua. Vichanja vyangu viko vinaota majani." Alikuwa anapanga karatasi zake, hakumtazama. "Ulikuwa na haki ya kukasirika. Hata miye ningekasirika. Sasa imekwisha. Toa hii kitu kwa njia, batu banataka pesa zao."

Cirhuza aliinama, akashika mota upande wa propela. Iliinuka kidogo, bega likakataa, ikarudi chini juu ya gunia. Watu wa foleni walitazama pembeni kwa adabu. Clotilda naye alitazama pembeni, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakutaka mzee adhani anamhurumia.

"Mama Clotilda," Cirhuza alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ya wavu. Clotilda akageuka.

"Usikae tu unalia. Shika huku."

Clotilda akaweka mkoba wake juu ya meza ya Benita, akainama na sketi yake ya ofisini, akashika.